Seva ya Wachangia Damu

6 Februari

Mpwa wangu Chiriku,

Pokea salamu zangu, ugawe na wengine. Mimi mzima. Kazi mpya inakwenda, na chumba nilichopewa kina dirisha, kwa hiyo sina la kulalamikia. Mama yako mwambie goti lile alipake dawa aliyopewa, asingoje lipone kwa kuona aibu. Mumeo nampa pole, maana anaishi na wewe. Na yule kitinda mimba wako mwambie babu yake kasikia habari za vikombe anavyovunja.

Sasa tuingie kwenye jambo. Tovuti yangu ya wachangia damu unaijua: watu wa miji kadhaa wamejiandikisha humo, kila mmoja na kundi lake la damu na namba yake ya simu, na wodi ikipungukiwa inatuma ombi, nasi tunawatafuta. Miaka yote hii imekuwa ikiishi kwenye seva iliyoko chini ya meza katika ofisi yangu ya zamani, pale nilipokuwa nikiigonga kwa goti kila nikisimama. Usiliogope neno seva. Ni kompyuta kama nyingine, ila yenyewe haizimwi, na kazi yake ni kumjibu kila anayebisha. Basi ofisi ile inafungwa. Mwisho wa Mei wanakata umeme, na orodha yetu itazimika nao. Nimekodi seva nyingine kwa kampuni moja, iko tupu kama nyumba iliyotoka kupakwa chokaa. Nataka wewe uihamishe tovuti, ufunge milango, uitunze.

Nakusikia ukisema, mimi msusi, seva nimeipata wapi. Umeipata siku ile ulipojifungua ukaishiwa damu, ukarudishwa duniani na watu wa orodha hii. Hutaichezea. Halafu mtu anayesuka kichwa kizima na mstari wake usipinde hawezi kushindwa na kurasa za maelekezo.

Nilipo simu haishiki vizuri, kwa hiyo utaniandikia kwa karatasi, kupitia sanduku la posta la kampuni iliyoniajiri huku. Na hata ingeshika nisingekufundisha kwa simu. Ningekutajia amri, ungeiandika, ingefanya kazi, na usingejua kwa nini. Barua huchelewa, na hicho ndicho ninachokitaka. Ukikwama utajikwamua kabla jibu langu halijafika.

Anza hivi. Ingia kwa jina la mkuu wa seva mara moja tu, ujitengenezee jina lako. Kisha tengeneza ufunguo. Huo ni faili mbili: moja unaiweka kwenye seva, ya pili haitoki kwenye kompyuta yako, hata aiombe mama yako mzazi. Ukiona ufunguo unafungua, zima kabisa njia ya kuingia kwa nywila. Halafu jenga ukuta wa moto, yaani ule ulinzi unaoamua nani apite mlango gani, uache wazi ile michache inayohitajika.

Na sharti letu liko palepale: anayepokea damu hamjui aliyempa, wala aliyetoa hamjui aliyepokea. Nimeona watu wakifuatwa majumbani, wengine kwa shukrani, wengine kwa kuombwa tena na tena. Hilo sitaki litokee kwetu.

Mjomba wako


27 Februari

Mjomba wangu, shikamoo.

Huku hatujambo, ila kikombe kingine kimetutoka. Goti la Mama linapakwa dawa, na anasema amepaka kwa sababu alitaka mwenyewe, si kwa sababu umeagiza. Mama Mkubwa anakusalimia kwa midomo iliyobinuka. Anasema tangu lini mdogo wake anahama mkoa bila kuaga, kama mpangaji anayekimbia. Nimemwambia kazi ilikuja ghafla. Hivyo ndivyo ulivyoniambia, sivyo?

Barua yako niliisoma nikacheka, nikaisoma tena nikaogopa. Nimeweka kompyuta pale saluni, kwenye meza ya vitana. Nikishamwingiza mteja kwenye draya napata nafasi yangu. Mjomba, hukunionya kwamba seva haina picha! Kioo cheusi na maandishi meupe, nacho kinangoja tu, wala hakikuambii kinangoja nini. Mteja mmoja aliuliza kama kompyuta imeharibika. Nikamwambia ndivyo zilivyo za wakubwa.

Jina langu limeingia. Ufunguo nilitengeneza, ukafungua, na nilipiga vigelegele mpaka fundi cherehani wa mlango wa pili akaja kuuliza nani kaposwa. Nywila nikaizima. Nikapata kiburi. Nikajenga ukuta wa moto bila kusoma ukurasa hadi mwisho, nikauwasha, na seva ikanyamaza. Nikaandika, kimya. Nikazima kompyuta nikaiwasha, kimya. Nilikuwa nimefunga milango yote, na ule ninaoingilia mimi ulikuwa mmojawapo.

Baba watoto alicheka mpaka akakaa chini. Ananiita fundi aliyejenga nyumba akabaki nje na funguo mkononi. Mimi sikucheka. Nililia kidogo, Mjomba, si kwa seva yenyewe, ila nilijiona umenipa kitu cha watu nikakitumbukiza kisimani siku ya kwanza.

Nifanye nini?

Nyongeza, kabla sijafunga bahasha: nimepata. Kampuni ya kukodisha ina ukurasa wake ambako unaweza kuiona seva yako kama vile umekaa mbele yake, bila kupita ukutani. Nikaingia humo, nikafungua mlango wangu kwanza, ndipo nikawasha ukuta tena. Ungekuwa kwenye simu ningekupigia ndani ya dakika ile ile, na nisingeujua ukurasa huo mpaka leo.

Unakuja lini? Hukusema.

Chiriku wako


24 Machi

Mpwa wangu,

Marahaba. Barua yako nimeisoma mara kadhaa, nayo imenifaa kuliko dawa. Mwambie baba watoto kwamba hakuna mlinzi wa seva duniani ambaye hajawahi kujifungia nje. Asiyejifungia bado hajaanza kazi. Dada yangu mwambie simkimbii, na kama anataka kunigombeza aje anigombeze kwa maandishi, mwandiko wake ni mzuri.

Sasa hamisha tovuti. Nimemwachia mwenzangu wa ofisi ya zamani nakala ya kila kitu kwenye diski, atakuletea. Ikishakaa mahali pake, iombee cheti cha usalama, ili lile kufuli dogo litokee kwenye anwani na mtu anayeandika namba yake ya simu asichunguliwe njiani. Masasisho ya programu usiyaahirishe. Wezi wa mitandaoni hawavunji ukuta imara, wanatafuta dirisha ambalo fundi alishasema linahitaji kitasa na mwenye nyumba akasema kesho.

Halafu nakala za akiba. Kila siku, na zikae mahali pengine, si kwenye seva hiyo hiyo. Ukishazipata chukua moja uirudishe kwenye kompyuta yako, uone kama orodha inafunguka. Nakala ambayo hujawahi kuijaribu ni matumaini tu, na mgonjwa haongezewi matumaini kwenye mshipa.

Na lisikie hili vizuri. Kuna watu wa familia na wa kamati yetu ya wachangia damu watakaokuja kukuomba njia ya kuingia. Kwenye seva hakuna undugu.

Naandika kwa penseli, kalamu imeisha wino. Usijali mistari ikilala.

Mjomba wako


15 Aprili

Mjomba mpendwa, shikamoo tena.

Imehama! Mwenzako alileta diski, mpole yule, alikunywa chai yetu, nikamuuliza habari zako akaangalia kikombe. Nikasema labda ndiyo tabia yake.

Siku tatu za kwanza tovuti ilikuwa inafunguka bila rangi wala picha, maandishi tu yamejazana upande wa kushoto. Nilihangaika weee, kumbe mafaili yaliingia na mmiliki yule yule wa zamani, na seva mpya haina ruhusa ya kuyasoma. Nilipobadili umiliki, rangi zote zikarudi. Kufuli dogo nalo lipo. Ninaonyesha wateja kufuli langu kama mtu anayeonyesha mtoto mchanga. Nakala zinakwenda kila siku, na nimerudisha moja nyumbani, ikafunguka, jina la kwanza kwenye orodha ni lako, kundi O hasi. Niliona fahari, nikamwita Mama aje aone.

Ombi la kwanza kwenye seva mpya limetoka wodi ya watoto, na likajibiwa kabla sijamaliza kufumua kichwa cha mteja. Sikuamini kwamba ni mimi.

Mama Mkubwa alikuja saluni. Alikaa kwenye kiti, na wewe unajua hasukwi. Alisema yeye ni mwenyekiti wa kamati, na mwenyekiti gani anabisha hodi kwenye nyumba yake. Tukaongea vizuri, yakaisha.

Mvua zimeanza, bati la saluni linavuja upande wa draya, nimeweka ndoo. Baba watoto ameahidi kupanda, nawe unamjua kwa ahadi.

Mbona mwandiko wako umelala hivyo, Mjomba? Penseli haisababishi mwandiko kulala. Unakula? Na swali langu la lini unakuja bado liko palepale linasubiri.

Chiriku


10 Mei

Mpwa wangu,

Marahaba. Hongera kwa kuhama. Hongera mara mbili kwa umiliki wa mafaili, maana hilo sikukufundisha.

Umeniandikia kurasa nne. Ndoo ya bati imepata mistari miwili, na dada yangu akapata mmoja: tukaongea vizuri, yakaisha. Dada yangu namjua tangu nikiwa sijaota meno. Mambo naye hayaishi mpaka apate alichofuata. Ulimpa?

Nijibu hilo tu. Mimi naandika kifupi kwa sababu ya kazi nyingi.

Mjomba wako


30 Mei

Mjomba, shikamoo.

Wote wazima. Sina salamu nyingine, roho yangu haina nafasi.

Nilimpa. Ulishajua. Nilijaribu kumweleza habari ya faili mbili, akasema nisimzungushe, yeye ndiye aliyenibeba mgongoni Mama alipolazwa, na leo nina mlango wa kumfungia. Mjomba, ungekuwa wewe ungesema nini? Kumweleza kulinishinda, na kumwambia hapana kulinishinda zaidi. Nikawasha tena njia ya kuingia kwa nywila, nikamwandikia nywila ya mkuu wa seva kwenye kikaratasi. Nilijiambia ni mtu mzima, ni damu yetu, na ana nia njema. Nia njema anayo kweli. Alikibandika ukutani kwenye chumba cha kamati, karibu na zamu za usafi, ili kila mhusika asipate taabu.

Juzi nesi mmoja wa wodi ya akina mama alinipigia. Kwa sauti ya taratibu, kama anayeogopa kuniaibisha, akasema, "Dada, nimefungua tovuti yenu kuomba damu, mbona naambiwa nicheze kamari?" Nikafungua. Ukurasa wa mbele wote ulikuwa matangazo ya kamari, yanameta. Nikauliza damu aliyotaka, nikaitafuta kwa simu, mtu baada ya mtu, na tulipata. Kisha nikaizima tovuti yote.

Nami nimekaa hapa sijui walioingia walichukua nini. Mle mna majina na namba za watu waliotuamini. Seva ya zamani haipo tena, umeme wamekata kama ulivyosema. Nakala ninazo. Lakini naogopa kugusa, nisije nikaharibu zaidi. Mama Mkubwa anasema labda ni kompyuta yangu mbovu.

Mjomba, kama kuna simu yoyote jirani na hapo, hata ya kuazima, nipigie. Safari hii sitaki kujikwamua peke yangu.

Chiriku


17 Juni

Mpwa wangu,

Marahaba, na ufute machozi. Sikukupigia. Nisamehe kwa hilo, sababu nitakueleza siku nyingine.

Umefanya jambo moja sahihi kuliko yote: uliizima, na ukampatia yule mama damu kwanza. Sasa nenda taratibu.

Seva iliyoingiliwa usiitengeneze. Mtu aliyelala ndani ya nyumba yako hujui kaficha nini darini. Chukua seva mpya tupu, anza upya yote uliyojifunza, na safari hii hutahitaji barua zangu. Rudisha orodha kutoka kwenye nakala ya kabla ya siku ile. Ile iliyoingiliwa iache kama ilivyo, usome kumbukumbu zake: seva huandika kila aliyebisha, alitoka anwani gani, saa ngapi, aliomba ukurasa gani. Zinachosha, lakini ni shahidi asiye na upande. Zisome mpaka uelewe mwizi alipita wapi. Na kampuni ya kukodisha iombe hesabu yao ya kiasi cha data kilichotoka siku hizo, maana mwizi anaweza kufuta kumbukumbu zako lakini si zao.

Weka pia kile kilinzi, programu ndogo inayomfungia nje anayekosea ufunguo au nywila mara kadhaa.

Funguo na nywila zote za zamani, futa. Zote. Usibakize hata moja kwa kumheshimu mtu.

Wachangia damu waambie ukweli, hata kama utagundua hawakuibiwa. Watakaoondoka wana haki. Na dada yangu mwambie hapana, mbele yake, ukiwa umekaa kitako na sauti iko chini. Mkubwa hapungukiwi heshima kwa kunyimwa kitu kisicho chake. Mtengenezee mahali pa kuona takwimu za maombi bila kugusa orodha, hilo ndilo analotaka hasa, ajue kinachoendelea.

Nimechoka leo, nitaishia hapa. Ila irudishe orodha hewani, Chiriku. Irudishe upesi.

Mjomba wako


9 Julai

Mjomba, shikamoo.

Barua hii sikuipitisha kwenye sanduku la kampuni yako. Nimempa kondakta wa basi la asubuhi, na umeipokea mkononi mwa nesi wa wodi ya upasuaji, kitanda cha dirishani. Usishtuke. Maliza kusoma kwanza.

Seva mpya iko hewani. Niliijenga mwanzo hadi mwisho bila kufungua barua yako hata moja. Kumbukumbu nilizisoma kama ulivyosema, wateja wakidhani nasoma kitabu cha dini kwa jinsi nilivyonyamaza. Mwizi aliingia kwa nywila ile ile, akabadili ukurasa wa mbele, akatoka. Kampuni nayo ilinipa hesabu yake: kilichotoka siku ile ni kidogo mno, hakiwezi kuwa orodha. Watu niliwaandikia wote. Wachache waliomba nifute majina yao, nikafuta. Mmoja alinijibu, "Umesema mwenyewe kabla hatujasikia kwa wengine, nitaendelea kubaki." Nililia kwenye taulo la mteja.

Mama Mkubwa nilimwambia hapana. Alininunia, akaondoka bila kumaliza chai. Baada ya wiki akarudi, nikamfungulia ukurasa wake wa takwimu, akavaa miwani, akaukodolea macho, akasema, "Hiki ndicho nilichokuwa nakitaka siku zote, mbona hukusema?" Mjomba, nilimletea chai nyingine.

Funguo za zamani nimefuta zote.

Sasa la kwako.

Kwenye kumbukumbu, katikati ya wanaobisha, kulikuwa na mmoja anayekuja kila asubuhi tangu Aprili. Haombi damu wala hajiandikishi. Anafungua ukurasa mmoja tu, ule unaoonyesha wachangiaji wa O hasi wako wangapi, anautazama, anaondoka. Nilidhani ni mwizi anachunguza. Nikaitafuta ile anwani ni ya nani. Ni ya hospitali ya rufaa, mwendo wa asubuhi hadi mchana kwa basi kutoka hapa nilipokaa. Nikakumbuka nani ni O hasi, na nani anaandika mistari imelala, na mwenzako aliyekuwa akiangalia kikombe.

Nilipiga simu hospitali hiyo, nikataja jina lako, wakaniunganisha na wodi ya upasuaji. Nesi alisita, hakutaka kunieleza habari za mgonjwa, na hakukosea. Nikamwambia mimi ndiye ninayepokea maombi yao ya damu. Akasema, "Tuna ombi moja tulitaka kulituma tangu mwezi uliopita, mgonjwa mwenyewe anatukatalia. Anasema O hasi ni wachache, waachiwe akina mama wanaojifungua."

Mjomba! Mimi ndiye huyo mama anayejifungua. Nilishajifungua, nilishaongezewa, na mwanangu anavunja vikombe. Wakati mimi nimelala pale kuna mtu alisema huyu wa nini, aachiwe mwingine? Umejenga kitu kwa ajili ya kila mgonjwa halafu ukajitoa peke yako, ukaita huo ni wema. Si wema. Ni kiburi kilichovaa nguo safi. Mficha maradhi kifo humuumbua, na ulinifundisha mwenyewe kusoma maandishi yasiyojua kuficha, ulidhani nitayasoma nusu?

Nimekasirika. Naandika kwa nguvu, karatasi imetoboka hapa. Nimekasirika kwa sababu nakupenda na ulitaka kuniachia seva badala ya mjomba.

Nesi nilimwambia atume ombi kama anavyotuma mengine, bila jina. Alilituma. Limejibiwa. Siwataji waliojibu, hata nikiwa nawajua kwa sura. Ukitaka kujua, nilipokuwa kwenye orodha ningeweza pia kuwatafuta walionipa mimi, ni kubonyeza tu. Mkono ulikwenda mpaka pale nikaurudisha.

Usiwakatalie madaktari. Tunakuja Jumamosi, mimi na Mama, na Mama Mkubwa ambaye tangu nimwambie hajanyamaza. Jiandae.

Chiriku


12 Agosti

Mpwa wangu,

Marahaba, na shikamoo nyingine juu, kwa sababu safari hii ni mimi ninayestahili kuamkia.

Naandika nikiwa nimekaa, si kulala. Mshono umeshika. Daktari anasema uvimbe wameutoa wote, na damu iliyokuwa imeandaliwa ilitumika mpaka ya mwisho, kwa hiyo isingekuwapo nisingekuwapo. Alinieleza hivyo kwa utulivu, kama anayetaja hali ya hewa, nami nikageukia dirishani nisimwonyeshe uso.

Tangu Jumamosi ile wodi nzima inamjua dada yangu. Alinigombeza mbele ya wagonjwa wote, akanilisha uji kwa kijiko kama mtoto, kisha akawagombeza na wao kwa kutazama. Mzee wa kitanda cha pili ananiuliza kila siku atarudi lini. Mama yako alishika mguu wangu tu juu ya shuka muda wote. Hilo ndilo lililonimaliza. Nilikuwa nimeficha ili nisiwaumize, na niliwaumiza kwa kuficha. Ulichoniandikia kuhusu kiburi nilikikataa siku mbili, siku ya tatu nikakubali.

Ila kuna jambo la jana, na nisipolisema utalisoma mwenyewe kwenye zile kumbukumbu zako.

Niliamka nikiwa na nguvu kidogo, na wazo likanishika lisiniachie. Kuna watu wanatembea mahali fulani huko, wamerudi kwenye kazi zao, nami ninapumua kwa sababu yao. Nilitaka jina. Moja tu, nimwandikie barua ya mistari miwili. Mimi niliyeliandika lile sharti, mimi niliyewafokea watu kwa sharti lile, nikajiambia safari hii ni tofauti, mimi ndiye niliyeianzisha orodha, nani atakayeniuliza. Kompyuta yangu ilikuwa chini ya kitanda. Nikaifungua, nikachukua ufunguo wangu wa siku zote, nikabisha kwenye seva yako.

Ikanikataa.

Nikadhani nimekosea. Nikabisha tena, ikanikataa. Nikajaribu jina la zamani la mkuu wa seva, lile nililolitumia miaka yote, ikakataa. Nilipobisha mara nyingine haikunijibu kabisa, kimya, kama nyumba isiyo na watu. Kilinzi chako kilikuwa kimenihesabia makosa kikanifungia. Ukurasa wa kuomba damu ulifunguka kama kawaida, nesi aliuona, kila mgonjwa ameachiwa njia yake. Mlango wa orodha tu ndio uliofungwa, na aliyefungiwa ni mimi. Nilisema zote, nawe ukafuta zote.

Nikaanza kucheka. Mshono ukavuta, machozi yakanitoka, nikashindwa kuacha. Nesi alikuja mbio akauliza kama nina maumivu. Nikamwambia ninayo, lakini si hayo: mpwa wangu kanifungia nje. Akanionea huruma, akanitengenezea mto. Hakujua kwamba sijapata habari njema kama hiyo tangu niingie hapa.

Mjomba wako